KARIAKOO: Mishahara ya wapagazi waliokufa vitani ilipwe!

Wakuu, salaam.

Kila Novemba mashada yanawekwa, hotuba zinasomwa, na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza wanapewa sentensi moja. Mishahara yao haiguswi. Nimechoka na hili.

Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha jeshi la Waingereza kilichotuachia jina la Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi, ilianzishwa Agosti 1914 chini ya ofisa wa kikoloni Oscar Watkins, baadaye ikawa ofisi kamili ya vibarua wa jeshi. Kuna watu humu wanasema walijitolea. Si kweli! Sheria ya 1915 iliruhusu kuchukua watu kwa nguvu na mshahara ukashushwa hadi rupia 5 kwa mwezi. Machi 1917 akaletwa John Ainsworth, ofisa wa kikoloni, asimamie ukusanyaji wa vibarua: DC (mkuu wa wilaya) anampa chifu idadi, chifu anatuma wapambe wake, kijana anatolewa nyumbani. Miezi michache tu, Kenya peke yake walishazolewa zaidi ya 120,000.

Wizi ulianzia kwenye daftari. Mpagazi alipewa kibati chenye namba, na jina likaandikwa na karani asiyejua lugha yake, mara la baba, mara la chifu, tahajia ya kubahatisha. Pesa nyingi ilibaki kwenye hesabu mpaka siku ya kuachiliwa. Sasa akifia Rufiji, mrithi wake atatafutwa kwa jina lipi?

Na walikufa kwelikweli. Waliozoea ulezi na ndizi walipewa posho ya mahindi. Sufuria hazitoshi, kuni zimelowa, unga unaliwa nusu mbichi, matumbo yanaharibika, kuhara damu kunamaliza kazi. Huo ni uzembe wa walioendesha stoo na jiko, msiusukumie risasi za Mjerumani. Rekodi za Waingereza wenyewe zinakiri wapagazi zaidi ya 95,000 walikufa upande wao, kama 45,000 wakiwa wa Kenya.

Baada ya vita, maafisa walioko Kenya waliomba mishahara isiyochukuliwa itumike kwa manufaa ya Waafrika. Wizara ya Vita London ikakataa. Wenye pesa hawajulikani, wanasema. Nani aliwaandika vibaya?

Mwaka 1919 serikali ileile ilikuwa ikichezesha bahati nasibu ya mashamba pale Theatre Royal, Nairobi, kwa wanajeshi waliorudi: ekari zaidi ya milioni 2, nyingine zimemegwa kwa Wanandi. Sharti, uwe Mzungu. Aliyebeba ratili 50 au 60 kichwani kutoka Kilwa kwenda bara hakuruhusiwa hata kuomba. Yeye alirudi kuvishwa kipande, kile kitambulisho cha lazima, shingoni na kupandishiwa kodi.

Sanamu za Dar, Mombasa na Nairobi zinawaita miguu na mikono ya jeshi. Zikague pande zote, hutakuta jina la mpagazi hata mmoja.

Tunachotaka: madaftari ya malipo yawekwe hadharani, wilaya kwa wilaya, hesabu ya rupia ipigwe kwa thamani ya leo, na serikali zetu zipeleke ankara London. Mwenye nakala ya orodha za wilaya yake aiweke hapa chini, tuanze kulinganisha majina.