MREJESHO: Mpira umeanza kuingia tena

Wakuu, mi ndo yule niliyeuliza mbona wiki 3 kila nikirusha basket haiingii. Aliyesema nijirekodi video ubarikiwe sana, kumbe kiwiko kinafunguka nje na magoti sikunji, yani nikichoka narusha kwa mikono tu mpira unaishia mbele ya ringi. Nikaanza upya chini ya goli, mkono mmoja, nasogea nyuma kidogokidogo. Ila kichwa ndo kilikuwa shida zaidi, niko wazi kabisa halafu natoa pasi! Nilipojua Stephen Curry, yule nyota wa basket wa Marekani, 2016 alirusha mipira 10 ya pointi tatu akakosa yote, mechi iliyofuata akatia 13, nikapoa. Juzi nimetia 5 kati ya 9, mitupo huru bado inanisumbua lakini.