Coolscan V au Minolta Dual IV kwa negativu za marehemu baba?

mtoto_wa_studio (Tanga)
Habari zenu wakuu. Marehemu mzee alikuwa na studio ya picha Ngamiani, barabara ya 12. Ameacha makopo matatu ya maziwa ya unga na sanduku moja la viatu, vyote vimejaa negativu. Mama hataki zitupwe, lakini pia amechoka kulala juu yake.

Kaka yangu aliyeko Dubai amepata skana mbili za mtumba na anaweza kubeba moja tu kwenye begi. Moja ni Nikon Coolscan V ED, kwa pesa zetu kama laki nane. Nyingine ni Minolta DiMAGE Scan Dual IV, laki tatu. Nikon inasoma nukta 4000 kwa inchi na ina Digital ICE ya kufuta vumbi. Minolta ni nukta 3200 na ICE haina. Laptop yangu ni Windows 10. Hiyo laki tano ya juu inalipa kweli?

fundi_wa_lenzi (Mombasa)
Pole kwa mzee. Kwa hesabu ya nukta peke yake hailipi. Fremu ya milimita 24 kwa 36 ukiipitisha kwenye Nikon unapata kama megapikseli 21, kwenye Minolta karibu 14. Picha ya ukutani ya inchi 8 kwa 12 haihitaji hata 9.

Pesa unalipia ICE. Ile Nikon inamulika filamu mara ya pili kwa infraredi. Rangi za filamu zinaupitisha mwanga huo, vumbi na mikwaruzo vinauzuia, basi programu inajua pa kuziba. Kwa negativu za rangi zilizokaa pwani miaka 30, hiyo ni kazi ya wiki nzima umeokolewa. Lakini kwenye nyeusi na nyeupe picha yenyewe ni chembe za fedha, na fedha nayo inazuia infraredi. Ukiwasha ICE hapo, mashine inaona uso wa bi harusi ni uchafu. Kwa hiyo nijibu: za rangi ni ngapi? Na umezipima kwa rula?

zuhura_mct (Maskati)
Mimi nimetumia Dual IV miaka sita, sina ugomvi nayo. Unapanga kipande cha picha sita kwenye kishikio chake cha plastiki, kinalala sawa. Coolscan inameza kipande yenyewe kwa mota, raha sana mpaka ukutane na filamu iliyojikunja, hapo inagoma au inatafuna kingo. Dawa yake ni kishikio cha FH-3, muulize muuzaji kama kipo. Na kama Nikon imekaa dukani bila kufunikwa, kioo chake cha ndani kinashika vumbi, halafu kila penye mwanga mkali picha inatoa kama moshi. Mwambie kaka askani kitu kimoja mbele ya muuzaji kabla ya kutoa hela.

Programu zao za asili zilishaachwa na wenyewe, Windows ya sasa inazisumbua. Chukua VueScan, ni ya kulipia lakini inazijua zote mbili.

mtoto_wa_studio
Wakuu, nimepima. Naona aibu kuandika.

Sanduku la viatu ndilo lenye filamu ndogo za milimita 35, vipande 70 na kitu, karibu zote za rangi. Makopo yote matatu ni negativu pana za mraba, sentimita 6 kwa 6, nyeusi na nyeupe. Nilikuwa najua mzee ana kamera ya Yashica ya kuchungulia kwa juu, ila kichwani sikuunganisha. Nyingine zina madoa kama utando wa buibui.

fundi_wa_lenzi
Haha, basi weka zote mbili chini. Hakuna hata moja inayoingiza filamu ya 120, yaani hizo pana za mzee. Nikon inayoingiza ni Coolscan 8000 au 9000, bei yake utauza shamba, na waya wake ni FireWire ambao laptop yako haina.

Tafuta skana ya bapa ya Epson, V500 au V600, yenye kishikio cha 120 ndani ya boksi. Usidanganyike na nukta 6400 zilizoandikwa kwenye V600, kwa uhalisia haifiki hata nusu. Lakini negativu ya mzee ni kubwa: hata ikikupa nukta 1500 za kweli, ni pikseli 3300 kila upande. Za milimita 35 zitatoka laini kidogo, zinatosha kwa albamu. Tena ina ICE kwa zile za rangi.

zuhura_mct
Huo utando ni kuvu. Usioshe kwa maji tafadhali! Kuvu hula jelatini, maji yakigusa hapo picha inateleza na kuondoka yote. Zitoe kwenye makopo leo hii, ziweke pakavu kwenye bahasha za karatasi, vumbi utoe kwa brashi laini tu.

mtoto_wa_studio
Nimezitoa, zimejaa meza ya chakula na mama anazinyanyua dirishani moja moja akitaja majina. V600 imepatikana Sharjah. Tatizo kaka alishatanguliza laki mbili kwa Nikon na hazirudi. Kama kuna mtu yuko Dubai na filamu zake ni ndogo, anitumie ujumbe.