Tupeane uzoefu: Bendi ya polisi ilipopiga mtaani kwenu, Tanga na jirani zake

Mwana wa Ngamiani
Wakuu, salaam. Uzi huu naomba uwe wa simulizi zetu wenyewe kuhusu bendi ya polisi. Za kwenye televisheni siku ya Uhuru tuziache. Nataka pale ilipokuja viwanja vya Tangamano au Mkwakwani, shuleni kwa mwanao, au ilipoongoza maandamano ya Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani ukajikuta unaifuata mpaka umesahau ulikotumwa.

Naanza mimi. Mara nyingi bendi inakuja kwa ajili ya mgeni rasmi. Wimbo wa taifa, wimbo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, gwaride linapita, viongozi wanahutubia, vyombo vinarudi kwenye basi. Sisi wananchi tuko nyuma ya kamba muda wote. Lakini kuna mwaka mmoja pale Tangamano, gari la mgeni likiwa limeshaondoka, kiongozi wa bendi aliwageuza vijana wake wakatazama upande wetu, wakaangusha mdundo wa chakacha kwa matarumbeta. Kina mama wauza karanga waliweka mabeseni chini. Askari aliyekuwa akiturudisha nyuma tangu asubuhi akaikunja ile kamba mwenyewe, akaiweka kwapani, akabaki anatabasamu.

Imani yangu ni hii: ile nusu saa ya mwisho iwekwe kwenye ratiba, iandikwe kabisa, isingoje moyo mwema wa kiongozi wa bendi. Karibuni.

Mama Wawili, Makorora
Asante mleta uzi. Shuleni kwa binti yangu lilikuja kundi dogo tu: tarumbeta, tromboni, tuba na ngoma, wakiwa pamoja na afande mmoja mama wa Dawati la Jinsia na Watoto, lile la polisi linaloshughulikia ukatili. Mpiga tuba alikuwa anamwita mtoto mmoja mmoja aweke kiganja kwenye kile kinywa kipana cha chombo, halafu anapuliza sauti moja nzito, ndefu. Unamwona mtoto anatoa macho, mtetemo umeshampanda mpaka kiwikoni. Wapo waliokimbia. Wapo waliorudi kupanga foleni upya.

Walipochangamka ndipo yule afande akazungumza nao, wamekaa chini ya mwembe, sauti ya kawaida kabisa, hakuna kipaza sauti. Jioni binti yangu ananiuliza, "Mama, mtoto anaweza kwenda polisi mwenyewe bila mtu mzima?" Nikamwambia anaweza. Kwa nini unauliza? Akasema rafiki yake ndiye anayetaka kujua.

Kesho yake nilikwenda kwa mwalimu wa darasa. Yaliyofuata si ya kuandika hapa, ila mtoto yule sasa yuko kwa bibi yake na analala usingizi. Kwa hiyo mtu akiniambia bendi ni burudani tu, nakataa.

Mzee wa Matarumbeta
Wanangu, hamjambo? Mimi nimepiga matarumbeta ya harusi kuanzia Ngamiani hadi Pongwe hadi Pangani. Noti sikufundishwa na mtu. Nimejifunza kwa kusimama nyuma ya bendi ya polisi kila ilipokuja, na vijana wenzangu wakikodolea macho tarumbeta, mimi jicho langu lilikuwa kwenye ngoma kubwa.

Ngoma kubwa ndiyo dereva. Gwaride la mwendo wa haraka ni kama hatua 120 kwa dakika, na mguu wa kushoto unatua juu ya dundo. Bendi inapotaka kukata, mpiga ngoma kubwa anatia madundo mawili ya harakaharaka, du-dum, basi hata yule wa mstari wa nyuma kabisa asiyeiona fimbo ya kiongozi anajua mwisho umefika. Nilipolinasa hilo nililipeleka kwenye kundi letu la harusi. Kabla ya hapo tulikuwa tunamaliza wimbo kila mtu kwa wakati wake. Baada ya hapo watu wakaanza kutuuliza tumesomea wapi.

Na mjue, Tanga hatukuanza jana na vyombo hivi. Wajerumani walipoanzisha shule ya serikali hapa mjini miaka ya 1890, wanafunzi walikuwa na bendi yao ya kupuliza. Watu wa mwambao nao wakalitazama gwaride la wakubwa, wakachukua walichokipenda, wakatengeneza beni: sare, vyeo, ngoma, mistari imenyooka barabarani. Kundi la Marini upande mmoja, la Arinoti upande wa pili, wanashindana kwa mavazi, kwa nyimbo, kwa karamu. Vita ya Kwanza ilipopita, askari na makarani waliibeba beni hadi bara ndani kabisa. Kwa hiyo bendi ya polisi ikipita Ngamiani, ukaona bibi kizee anatikisa bega barazani, usidhani amechanganyikiwa. Anaujua huo mwendo kuliko wewe.

Msanii wa Bwagamoyo
Shikamoo mzee. Nilisoma TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, sisi tumelelewa na ngoma za asili. Siku askari wa bendi walipokaa na wapiga ngoma wetu nje ya ratiba, tatizo la kwanza lilikuwa kwamba wao wanahesabu moja-mbili, moja-mbili, na ngoma yetu inakwenda kwa tatu. Walihangaika. Yule wa klarineti ndiye aliyepata njia: akaacha kuhesabu, akamfuata mchezaji miguuni. Wengine wakaingia nyuma yake. Sijasikia tena kitu kama kile.

Binti wa Sajenti
Nimesoma simulizi zenu nikasita kuandika. Baba alikuwa sajenti. Tulimzika kwetu, Muheza, makaburi ya Magila. Walikuja wachache wa bendi. Ngoma zilikuwa zimefunikwa kitambaa cheusi, sauti yake inatoka imefifia, na askari waliobeba jeneza wanakwenda mwendo wa pole. Mama hakuwa amelia tangu hospitali. Mpiga baragumu alipoanza, ndipo mama alipolia, na sisi watoto tukapata ruhusa ya kulia.

Nilimwona yule mpiga baragumu baadaye, amejitenga pembeni, anafuta macho kwa mkono wa sare. Nilikwenda kumshukuru. Akaniambia baba yako ndiye aliyenipokea nilipopangiwa kituo changu cha kwanza. Popote ulipo, kaka, Mungu akuweke.

Kijana wa Mabawa
Pole sana dada. Wakuu, mniruhusu nitofautiane kidogo. Bendi naipenda, ila mimi niliibiwa pikipiki, nikaenda kituo kimoja nikazungushwa wiki nzima, njoo kesho, njoo keshokutwa. Jumamosi yake bendi ikapiga mtaani, kila mtu anashangilia. Mimi nilisimama pale moyo mzito. Tarumbeta halikuandikii maelezo yako.

Mwana wa Ngamiani
Pole ndugu yangu, na umesema kweli tupu. Hakuna wimbo unaolipa deni la mwananchi aliyezungushwa. Ninachoomba ni kwamba siku hiyo ya bendi, wakati watu wamekusanyika na nyoyo zimefunguka, iwepo meza. Akae afisa mwenye mamlaka, na kitabu, mtu kama wewe aende moja kwa moja aseme shida yangu hii na hii. Mama Wawili ameonyesha kwamba ikipangwa hivyo inafanya kazi. Bendi inakusanya watu, lakini wakishakusanyika lazima pawe na wa kuwasikiliza.

Kijana wa Mabawa
Ikiwa na meza, mimi wa kwanza kwenye foleni.

Mama Raskazone
Mzee wa Matarumbeta, shikamoo. Mwanangu yuko kidato cha pili, tangu aione bendi Mkwakwani anapuliza bomba la plastiki nyumba nzima hatulali. Anataka bendi ya polisi, hataki kusikia kingine. Aanzie wapi?

Mzee wa Matarumbeta
Marahaba mwanangu. Kwanza mwambie amalize shule, kwa sababu mwanabendi wa polisi ni askari kamili. Anapitia mafunzo ya uaskari kama wenzake, gwaride na sheria, muziki unakuja juu ya hapo. Pili, asianze na nyimbo. Aanze na pumzi: sauti moja, ndefu, isiyoyumba, mdomo ukichoka apumzike. Wengi wanaharibu midomo kwa pupa.

Tatu, ajifunze kutunza chombo. Hapa kwetu hewa ina chumvi, ukiliacha tarumbeta bila kulifuta linaota ukijani kwenye viungo na vitufe vinanata. Kila akimaliza afungue kile kitundu cha chini atoe maji yote, afute, atie mafuta kwenye vitufe.

Ninalo moja la ziada, lina kibonyeo ubavuni lakini sauti yake safi. Nitumie ujumbe pembeni, umlete Jumamosi baada ya alasiri. Aje na kitambaa safi cha pamba, na awe ameshakula, maana hatuanzi na tumbo tupu.