SPAD A.2 ya 1/48: nyaya nifunge kabla au baada ya bawa la juu?

Karani wa Ghala
Wakuu salaam. Niko Mtwara mjini, Shangani. Msimu wa korosho umeisha, ghalani wamebaki popo na vumbi, kwa hiyo jioni zangu ni za kuunda ndege ndogo za mfano kwa plastiki na gundi. Safari hii shemeji kaniletea kutoka Dar boksi la SPAD A.2, ndege ya vita ya Wafaransa ya mwaka 1915, kwa kipimo cha 1/48, yaani ndogo mara 48 kuliko halisi. Mke wangu alipoona picha ya juu ya boksi akauliza, huyu wa mbele kakosa nini mpaka wakamfunga usoni pa pangaboi?

Swali la haki. Wakati Louis Béchereau anaichora, Wafaransa hawakuwa na mtambo wa kuiwezesha bunduki kupiga katikati ya propela bila kuikata. Wengine walihamishia injini nyuma. Yeye akaiacha palepale, akamtundika mpiga bunduki kwenye kikapu mbele ya propela, mgongoni kamwekea wavu wa waya, basi. Kikapu kinashikiliwa na vyuma vinavyoteremka hadi kwenye miguu ya magurudumu. Ndege ikitua vibaya ikachoma pua, anayepondwa wa kwanza ni yeye, na kusemezana na rubani haiwezekani, injini iko kati yao. Nyingi zilipelekwa Urusi, na huko nyingine wakazifunga skii za theluji. Mimi naipenda kwa ubishi wake.

Sasa shida yangu. Kila upande kuna nguzo za kawaida kati ya bawa la juu na la chini, halafu katikati kuna vijiti vyembamba vinavyoshika nyaya za kukaza mabawa pale zinapopishana zisitetemeke. Bawa la chini nimeshaliweka. Nifunge nyaya kabla ya bawa la juu au baada? Na uzi gani? Kwenye video wanatumia uzi wa lastiki ambao madukani hapa sijauona. Halafu supa gluu, na mvua hizi, inaniachia ukungu mweupe kwenye rangi.

Mshipi Mwembamba
Mkuu, uko pwani halafu unatafuta uzi wa video? Nenda kwa wauza zana za uvuvi, omba mshipi wa nailoni mwembamba kuliko wote. Ukipata wa milimita 0.10, zidisha kwa 48: ni waya wa milimita 4.8 kwenye ndege halisi. Haudhalilishi.

Bawa la juu usilifunge bado. Toboa matundu kwenye mabawa yote mawili kabla ya rangi. Gundisha ncha za mshipi chini ya bawa la juu, ziache zining'inie. Likishakaa na nguzo zikikauka, pitisha kila mshipi kwenye tundu la bawa la chini, ning'iniza kibanio cha nguo kiuvute, tia tone la gundi, kesho kata kwa chini na uzibe. Ukilegea, washa udi wa kijiti, puliza mwali ubaki kaa, pitisha karibu na mshipi bila kuugusa. Unajikaza huku unauona. Ukigusa umekatika, na utaanza upya.

Vile vijiti vya katikati viweke mwisho kabisa.

Bint Mikindani
Kuhusu gundi, kaka: supa gluu inaganda kwa unyevu wa hewa, ndiyo maana kwetu inashika upesi mno, na ule weupe ni mvuke wake unaotua pembeni. Usiipake na chupa. Dondoshea kwenye kifuniko cha soda, chovya ncha ya sindano, gusa. Feni ndogo ivute hewa itoke, isikupulizie. Weupe ukishatokea, vanishi isiyong'aa inaufunika vizuri.

Kikapu kisiingie mpaka nyaya zote ziwe zimekauka. Kikiwa mbele utakigonga kwa kiwiko, mimi nakuambia. Na propela iwekwe kabla yake.

Rufiji 1915
Nyie na Wafaransa wenu. Jengeni Henri Farman, hiyo angalau iliruka jirani na Kilwa! Julai 1915 Waingereza waliitumia kuelekeza mizinga ya meli zao Severn na Mersey dhidi ya Königsberg, manowari ya Wajerumani, kule delta ya Rufiji. Tarehe 11 ilipigwa ikiwa na rubani Cull na mwangalizi wake Arnold, ikaangukia mtoni, wote wakatoka wazima.

Karani wa Ghala
@Rufiji 1915 mzee wangu, Farman mkia wake wote umeshikwa na vijiti na nyaya. Nikianza hiyo nitamaliza mishipi ya Msangamkuu nzima, watu wakose samaki.

@Mshipi Mwembamba, udi upo, mke wangu hana habari bado. Matundu ya bawa la chini nitatoboa kwa kekee ya fundi simu wa Chuno, ana ya nusu milimita. Au ni kubwa?

Mshipi Mwembamba
Kubwa. Pasha sindano ya kushonea, ichomeke kwa chini.