Mrejesho: laptopu yangu ya Bukavu imeamka, ila si mzima wa afya

Ndugu zangu, ni mimi wa Kadutu, niliyelia hapa wiki mbili zilizopita. Umeme ulikatika ghafla (batri ilishakufa zamani), tangu hapo Windows 10 inajaribu kujitengeneza, inasema imeshindwa, inazima, inaanza tena. Usiku kucha.

Aksanti sana wote. Kaka uliyesema nifomati tu, unisamehe, sikukufuata: ndani mlikuwa na TFC (kazi ya kumaliza masomo ya chuo) ya mdogo wangu.

Dada aliyenishauri kutumia flashi ndiye aliyeniokoa. Niliwasha kwa flashi ya Windows, nikafungua lile dirisha jeusi la amri. Amri ya kutengeneza uwashaji, bootrec /fixboot, ikanijibu kwamba ruhusa imekataliwa. Halafu nikashtuka: kule ndani herufi za diski zilikuwa zimebadilika, C: haikuwa C: yangu! Nilipoandika dir D: ndipo nikaiona folda ya Windows. Hakikisheni kwanza jamani. chkdsk D: /r (ya kukagua diski na kutafuta sehemu mbovu) ilikula karibu saa sita, nami nimekaa naomba jenereta ya jirani isiishiwe mafuta.

Bado haikuwaka. Kilichoiamsha ni kuipa ile sehemu ndogo ya diski ya FAT32 (inayobeba faili za kuwashia) herufi S kwa diskpart (programu ya kupanga sehemu za diski), kisha kuandika upya faili hizo:

bcdboot D:\Windows /s S: /f UEFI

Ikawaka mara moja. TFC ipo, nimeinakili kwenye flashi mbili. Picha kadhaa za harusi hazifunguki tena, na chkdsk ilikuta sehemu mbovu kwenye diski, kwa hiyo natafuta diski nyingine. Na batri.