Re: EAD (kadi ya kibali cha kazi Marekani) imeisha, nimetolewa kwenye ratiba

Mdau wa Columbus:
Wadau, habari za wikiendi. Mimi ni keshia duka la sheli, zamu ya usiku. EAD yangu ya C08 (kundi la tunaosubiri hifadhi ya ukimbizi) imepita tarehe, ila niliomba upya mapema, kabla ya 30 Oktoba 2025, na I-797C, risiti ya maombi kutoka uhamiaji, ninayo. Juzi nafika kazini, jina langu halipo kwenye ratiba. HR wanasema bila kadi mpya hakuna kazi. Niwapelekee nini? Kodi ya nyumba iko mlangoni.

Kaka wa Houston:
Pole sana mdogo wangu. Peleka I-797C pamoja na kadi ya zamani. C08 aliyeomba kabla ya tarehe hiyo, na kadi ikiwa bado hai, ana nyongeza ya siku 540, zinahesabiwa tangu tarehe ya kwenye kadi. Kwenye I-9, fomu ya mwajiri ya kuthibitisha haki ya kufanya kazi, waandike EAD EXT na tarehe mpya kwenye nafasi ya Additional Information, basi.

Dada wa Minneapolis:
Mbona mlolongo? Mimi nilitoa leseni na kadi ya SSN (namba ya hifadhi ya jamii), wakapokea. Mwajiri haruhusiwi kukuchagulia karatasi.

Kaka wa Houston:
Dada, soma swali kwanza. Wewe hifadhi umeshapewa, SSN yako haina masharti. Ya mwenye C08 imeandikwa kwamba ni ya kazi mpaka uwe na kibali cha DHS, idara ya usalama wa ndani, na kwa I-9 haipokelewi. Usimpoteze kijana.

Dada wa Minneapolis:
Sijampoteza mtu. Kuchagua karatasi ni haki ya mfanyakazi, hiyo ni sheria. Wakikataa awapigie IER, ofisi ya haki za wafanyakazi wahamiaji pale Wizara ya Sheria, wakalimani wapo.

Mdau wa Columbus:
Asanteni. Nimepeleka zote mbili. Sasa HR wameshikilia maandishi ya juu ya I-797C, kwamba haitoi hadhi wala haki yoyote ya uhamiaji. Nawajibu vipi?

Mama wa Dallas:
Mwanangu, maduka haya yanatuonea. Droo yangu ilipungua dola 40, wakakata kwenye mshahara, na mimi nalipwa kima cha chini, dola 7.25 kwa saa, ileile ya tangu 2009! Makato ya droo hayaruhusiwi kukushusha chini ya hapo. Niligoma mpaka wakarudisha. Bado mteja akutukane ukimwomba kitambulisho cha sigara, wakati sheria inasema miaka 21. Saa nane za usiku nakumbuka nyumbani, unamwambia Mangi wa duka la mtaani nipe sukari robo, nitalipa Ijumaa, anaandika kwenye daftari na kukuuliza mama anaendeleaje.

Mdau wa Seattle:
Mama umenigusa. Na hata ukipata uraia hapa, wa kwetu Tanzania unaupoteza. Wakenya wana uraia pacha tangu Katiba ya 2010. Sisi tunapewa hadhi maalum tu, siyo uraia.

Kaka wa Houston:
Hadhi maalum ni hatua, tusiibeze.

Mdau wa Seattle:
Hatua gani, kaka, wakati kura huna?

Mama wa Dallas:
Mimi nimebeba boksi miaka yote hii nikisomesha wadogo zangu kule. Nikistaafu nataka kurudi Moshi kama mwenyeji.