Tumeandika barua skuli kuomba mikondo ipokezane, tumejibiwa kwa vitisho

Assalaam alaykum wana jamvi. Naandika nina hasira na sitaki kuificha.

Sisi wazee wa skuli moja ya msingi huku wilaya ya Wete, Pemba, tulimuandikia barua Mwalimu Mkuu, nakala kwa kamati ya skuli. Barua ya heshima, ukurasa mmoja, tumetia saini mama na baba. Tuliomba jambo moja tu: watoto wapokezane mikondo kila muhula. Waliosoma asubuhi waende mchana, wa mchana waje asubuhi. Hatukuomba pesa wala jengo.

Hivi sasa mtoto akishapangiwa mchana ndiyo basi, miaka inapita yuko huko huko. Na mchana si sawa na asubuhi, asikudanganyeni mtu. Mtoto anaingia saa sita na nusu, jua la utosini, mabati yanawaka, na kazi ya kwanza ni kufagia taka za wenzake waliotoka. Walimu wengi wanakaa mjini Chake Chake, wanawahi gari, kwa hiyo vipindi vya mwisho havisomeshwi. Tazameni ratiba muone vipindi hivyo ni vya nini: hesabu na sayansi! Masika wingu likifunga darasa linakuwa kiza, taa hakuna, mwalimu anafunga kitabu. Ijumaa ndiyo usiseme, wanaanza baada ya sala na alasiri haijaadhiniwa wameshatolewa.

Chuo cha Qur'ani nacho kinawapita. Ustadhi wetu asubuhi yuko shamba, anasomesha alasiri. Wa asubuhi wanapata skuli na chuo. Wa mchana wanapotoka skuli, chuo kinakaribia kufungwa. Tuna watoto wakubwa wamekwama Juzuu Amma, ile ya kuanzia wanafunzi, na akili wanazo, saa ndiyo hawana. Sijazungumzia watoto wa kike wanaorudi peke yao kwenye mikarafuu magharibi inaingia.

Halafu wote wanakalishwa mtihani mmoja wa Baraza la Mitihani la Zanzibar. Karatasi ile haina sehemu ya kuandika kwamba mimi nimesoma mchana.

Linalonichoma zaidi ni kwamba watoto wa walimu na wa wajumbe wa kamati wote wako asubuhi. Wote. Tuliuliza kwenye mkutano wa wazee nani anapanga na kwa kigezo gani, tukaambiwa "huo ni utaratibu wa skuli". Ndipo tukaandika barua.

Majibu ya maandishi hatujapata hadi leo. Tulichopata ni kuitwa mmoja mmoja ofisini, kuulizwa nani kaandika, nani katutuma. Mama mmoja kaambiwa kama haridhiki amhamishe mwanawe. Mjumbe wa kamati anapita mtaani anasema tunaleta siasa. Siasa ipi, jamani? Mzazi kuuliza habari ya mwanawe ndiyo siasa? Tarehe 23 Septemba 1964 Mzee Karume alitangaza elimu bila malipo kwa kila mtoto wa nchi hii. Hakusema wa asubuhi wasome na wa mchana wasindikize.

Msituambie tusubiri. Najua Serikali inataka kuondoa mikondo miwili, skuli za ghorofa zinajengwa Unguja na Pemba, na tunashukuru. Lakini mpaka ghorofa ifike kwetu, huyu wa darasa la nne atakuwa keshatoka na hesabu hajui. Kupokezana hakuhitaji tofali hata moja. Kunahitaji Mwalimu Mkuu akae na kalamu apange upya.

Barua ya pili inakwenda kwa Afisa Elimu wa Wilaya, tumeambatanisha na ile ya kwanza. Saini hatufuti. Naomba wenye watoto kwenye skuli ambazo mikondo inapokezana mniandikie hapa: mnabadilisha kila muhula au kila mwaka, na walimu wa mchana mliwabana vipi mpaka wakamaliza vipindi? Tunataka kwenda na mifano mkononi.